Mama Katazama Kule

Darsait, Maskati
9 Oktoba 2024

Mwanangu Hajar,

Asalaam aleikum. Kama habari haijafika huko Unguja, basi nakwambia mwenyewe: siku hizi Maskati hakuna mlango mkubwa unaofunguliwa bila kwanza kuulizwa ami yako Mahfoudh. Milango midogo hufunguliwa bila ya mimi, lakini nayo baadaye hujuta.

Mie mzima, alhamdulillah, goti tu. Baba yako hali gani? Macho yake je? Na keki zako za harusi, bado zinaumuka au watu wameacha kuoana?

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu ni ya watu wenye haraka. Mtu mwenye hati nzuri huandika. Barua hii anakuletea jirani yangu Bi Balqis, anakuja kumwozesha mjukuu wake, pamoja na kopo la halwa. Lipokee hapo hapo mlangoni, usimwache akae nalo.

Sasa sikiliza. Unajua naandika mabango kule Ghala. Nusu ya magereji ya Ghala yanajulikana kwa mkono wangu. Mtu anaharibikiwa na gari Salala, anaambiwa, nenda kwenye bango la Mahfoudh. Basi wameleta mashine inatema herufi kama mtu anayetema mbegu za tikiti, na mie nikabaki kubandika stika. Katika kukaa bure nikaanza kuchora kwenye vipande vya mbao vilivyobaki, kwa rangi iliyobaki. Si bango. Picha. Za kichwani mwangu. Mwanamke anaanua nguo juu ya dari. Wazee wanacheza dhumna. Msichana anangoja basi pale Ruwi. Na wote, Hajar, wametazama kule. Hapana hata mmoja anayekutazama weye. Migongo mitupu.

Siku moja akaja kuagiza bango bibi mmoja, Bashayer, mtoto wa watu wetu, nyanya zake wa Unguja. Ana ukumbi wa kuuzia picha kule Maskati ya ndani, karibu na maofisi. Akaziona nyuma ya makopo ya rangi, akanyamaza. Ukimnyamazisha mwanamke wa Maskati, jua umefanya kazi. Kisha akaniuliza, "Ami, kwa nini wote wamegeuka?"

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikamwambia, "Binti yangu, aliyehama hana uso. Ana mgongo tu, ndio wanaouona waliobaki."

Akayaandika kwenye simu yake pale pale.

Basi mwezi ujao nna ukuta mzima kwake, jioni tatu. Alitaka aniuzie yeye achukue fungu lake. Nikamwambia la, nitauza mwenyewe. Nani anaijua bei ya kitu kuliko aliyekizaa?

Iliyo bora kuliko zote ni ya mama yangu, bibi yako Rahila. Kakaa juu ya kibao, anapepeta mchele. Hiyo nikiitazama huwa sina la kusema, na unanijua, mie kukosa la kusema ni ugonjwa.

Ami yako mwenye jina,
Mahfoudh


Kikwajuni, Unguja
21 Oktoba 2024

Ami yangu mpenzi,

Waaleikum salaam na shikamoo. Barua imefika nzima, halwa imefika nusu. Pole kwa goti. Sisi hatujambo, ila Baba. Mtoto wa jicho kafunika macho yote mawili sasa, ananijua kwa kikohozi changu. Wamempangia kupasuliwa mwezi wa kwanza.

Juzi nilimuuliza, "Baba, ukifunguliwa kitambaa, unataka uone nini mwanzo?" Nikitaraji atasema mimi, niliyemlisha mwaka mzima. Akasema, "Mama."

Nilidhani akili imeteleza. Kumbe yuko sawa. Anasema Bibi hakuwa akikubali kupigwa picha, na ile ya pasi imepotea. Kisha akasema polepole, kama hasemi na mimi: "Nilimwacha akaenda kufia Maskati kwa Mahfoudh, sikwenda hata kumzika. Sijui kama alikufa ana radhi na mimi."

Basi Ami, nakuomba kitu kimoja. Picha ya Bibi usiiuze. Tuletee, Baba aione. Nyingine uza, na ukiuza, taja bei. Mimi mtu akisifu keki yangu nataja bei kabla hajameza. Akishameza tu, anakuwa ndugu.

Mwanao,
Hajar


Darsait
18 Novemba 2024

Hajar wangu,

Salaam nyingi kama mchanga wa Sur. Nakuarifu: zimekwisha! Zote. Ukutani imebaki misumari.

Watu walipanga mstari kutoka ukumbini mpaka langoni, na kutoka langoni mpaka Mutrah, hata polisi akaja kuuliza kuna nini. Sawa, alikuja polisi mmoja na alichouliza ni choo, lakini aliuliza.

Akaja Mjerumani mrefu, akasimama mbele ya wacheza dhumna muda wa mtu kusali rakaa nne. Akaja kijana mmoja, Loay, kasoma Ulaya, miwani duara, akaniuliza, "Ami, mchakato wako ni upi?" Nikamwambia mchakato wangu ni rangi iliyobaki. Akashika kidevu, akasema, "Subhanallah, falsafa ya mabaki." Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinitukana.

Bashayer katundika karatasi mlangoni, kaandika yale maneno yangu kwa Kiarabu na Kiingereza: Aliyehama hana uso. Watu wanasoma, wanaguna. Kisha wananitazama mimi, uso wangu huu, wanaguna tena. Wakauliza, "Hawa wamempa nani mgongo?" Nikajibu, "Wamewapa waliowaacha. Hawajasamehe." Mwanamke mmoja akapangusa machozi, nikaona basi, nisilipunguze.

Lakini Hajar, kuna jambo linanitatiza. Nilirudi Darsait na gari tupu, nikakaa kitandani, nikaona kama nimeibiwa. Nami sijui mwizi nani wala kaiba nini. Seremala akiuza kiti halii. Muuza samaki hamfuati samaki mpaka kwa watu akaone wamemweka wapi. Mie nataka kufuata. Nataka kujua wale wazee wa dhumna wametundikwa sebuleni au njia ya msalani. Hiyo ni furaha au ni homa? Nimekunywa tangawizi, haikusaidia.

Ya bei niachie mwenyewe, hayo mambo ya wafanyabiashara.

Ya mama imechukuliwa na mtu mkubwa sana, jina silitaji kwa usalama. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni siku ile. Sielewi ilikuwaje.

Ami yako, wa kujulikana,
Mahfoudh


Kikwajuni
2 Disemba 2024

Ami,

Shikamoo. Natumai goti lako ni zima. Moyo wangu ndio si mzima.

Simu yako hupokei, basi nimemtafuta huyo Bashayer wako mtandaoni nikamwandikia. Mtu mwema, kanijibu siku hiyo hiyo. Anasema jioni zote tatu hakusikia bei hata moja ikitajwa. Anasema, na maneno ni yake: "Ami yako alikuwa akizigawa kama mtu anayegawa pilau la hitima. Nilipojaribu kumzuia, akanambia niache utoto."

Ami! Miezi ya kazi yako! Tena mwenyewe ulisema nani anaijua bei.

Hayo ni yako na Mungu wako. Langu ni Bibi. Nani kachukua? Nitajie, nimwandikie, hata kama ana walinzi kumi.

Na jambo la pili. Umesema wote wametazama kule. Na Bibi pia? Uso wake unaonekana? Nijibu hilo tu, maana Baba anauliza kila siku kama umempatia macho yake sawasawa, na mimi namjibu ndiyo, ndiyo, na sijui najibu nini.

Mwanao, kwa hasira,
Hajar


Darsait
20 Disemba 2024

Hajar,

Marahaba. Goti limezidi, na maneno yako hayakulipunguza.

Haya. Mie nimelelewa na mama mmoja, na baba yako kalelewa na huyo huyo, muulize. Nyumbani kwetu mgeni akisema, "Mashaallah, birika zuri," mama anasema, "Halali yako." Mgeni anasema, "La, likae pahala pake." Mama: "Wallahi utalichukua." Mgeni: "Wallahi silichukui." Wataapizana mpaka kahawa ipoe, na birika liko pale pale miaka thelathini. Hiyo ndiyo adabu. Mie nimesimama ukumbini, dishdasha mpya, kofia ya kushonwa kwa mkono, Mjerumani anasema nzuri. Ningesema nini? Nikasema halali yako. Loay akamtafsiria. Mtu akasema ahsante, akaibeba.

Akaibeba, Hajar! Hakuapa hata mara moja!

Akaja mwanamke wa watu wetu, huyo mwenye adabu, akakataa mara tatu. Nikafurahi, nikasema moyoni, huyu ndiye mnunuzi. Lakini alikataa vizuri mno, mpaka nikaona haya, nikaenda kumtilia kwenye gari mwenyewe. Na mmoja aliniuliza wazi, pochi iko mkononi: "Bei gani?" Nikafungua mdomo, ikatoka, "Baina yetu hakuna bei." Na mtu mwenyewe sijapata kumwona tangu nizaliwe! Akatazamana na mkewe, wakenda zao.

Bango nnaweza kulitajia bei. Ubao unapimwa, herufi zinahesabika. Lakini mtu anayeanua nguo kichwani mwangu nimpime kwa nini? Nikisema kidogo najitukana. Nikisema kingi naona kama namwibia mgeni. Basi nikasema yako.

Na huyo mtu mkubwa ni Cissy. Msichana wa Uganda, anafanya kazi nyumbani kwa Bashayer, na jioni zile alikuwa akipitisha kahawa. Alipofika mbele ya mama akasimama na sinia, vikombe vinagongana.

"Mzee, huyu ni mama yangu. Anachagua maharage."

Nikamwambia, "Huyo mama yangu mie. Na huo mchele."

"Sawa, Mzee. Lakini angalia hiyo shingo. Ni mama yangu."

Sasa utambishia vipi? Ulimi ukatoka mbio, mkono wa kuuzuia ukachelewa: "Basi halali yako."

Baada ya barua yako nilikwenda kuidai. Wallahi nilikwenda, na maneno nimeyapanga tangu Darsait. Akatoka jikoni mbio kabla sijaamkia.

"Mzee! Nilikuwa nakutafuta. Niandikie risiti."

"Risiti ya nini? Nilikupa bure."

"Bure ndiyo shida. Siku nikisafiri, wakifungua begi langu waone kitu kizuri, watauliza, hii umeitoa wapi? Nitasema nini, nilipewa? Nani ataamini? Taja bei, nilipe, iwe yangu khalas."

"Cissy, mie nimekuja..."

"Taja, Mzee. Usinionee huruma."

Bashayer kasimama nyuma yake ananiletea kalamu, na macho yake yanacheka. Nikaandika riali tano. Akaingia ndani, akaja nazo zimekunjwa ndani ya leso. Nikatia saini kwa mkono huu unaoandika herufi za urefu wa mtu, ikatoka ndogo kama ya mtoto wa chuoni.

Kwa hivyo, mwanangu, nimeuza picha yangu ya kwanza, na ndiyo ile niliyokwenda kuirudisha. Tena njiani nikirudi nilikuwa najihisi mrefu. Nieleze weye uliyesoma, nimefanya nini?

Usihuzunike. Nimemchora mama tena, kibao kile kile, ungo ule ule. Anakuja nayo Sami, mtoto wa Bi Masouda, kabla baba yako hajapasuliwa.

Kuhusu swali lako la uso, karatasi imekwisha.

Ami yako,
Mahfoudh


Kikwajuni
19 Januari 2025

Ami,

Shikamoo. Sami kaleta picha, imefika salama. Na Baba kafunguliwa kitambaa Jumatano. Anaona. Kitu cha kwanza alichoniambia, "Umenenepa," nikajua kweli anaona.

Nikampa picha. Akaipeleka dirishani. Akasema, "Ndiye. Shingo yake hii. Na kanga yake kaifunga vile vile." Kisha akaigeuza, akatazama nyuma ya ubao, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Nyuma umeandika, "Breki na Kla", bango lililokatwa. Akairudisha mbele. Kisha akauliza, "Mahfoudh anasema nini juu ya hii?"

Nami, mjinga wa mwisho duniani, nikaenda kuleta barua yako nikamsomea. "Wamewapa waliowaacha. Hawajasamehe."

Ami, tangu siku ile hazungumzi ila kwenye sala. Picha kaiweka pazuri, juu ya kabati, lakini kiti chake kakigeuza, na yeye kaipa mgongo. Jana ameniambia neno moja tu: "Basi alikufa hana radhi na mimi, na Mahfoudh alikuwa akijua siku zote."

Wewe ndiye uliyekuwa naye mpaka mwisho. Hakuna mwengine wa kumuuliza. Nataka ukweli, na usiniletee polisi wala Mjerumani.

Mwanao,
Hajar


Darsait
26 Januari 2025

Hajar,

Asalaam aleikum. Leo sikuulizi hali, nishaijua. Mwite baba yako, funga mlango, umsomee kwa sauti.

Kaka Ghaith. Mama hakukupa mgongo. Hayo ya waliowaacha na kutosamehe niliyasema mbele ya watu wenye miwani, na nilipoona mtu analia nikaongeza. Hayakuwa ya mama. Hayakuwa ya mtu yeyote.

Unataka kujua ya mama? Miezi yake ya mwisho, mie ndiye niliyekuwa nikimlisha, na akiniita alikuwa akiniita Ghaith. "Ghaith, nipe maji. Ghaith, nipandishe mto." Mwanzo nilikuwa nikimsahihisha: "Mama, mie Mahfoudh, Ghaith yuko Unguja." Ananitazama, anacheka, anasema, "Haya baba," kisha "Ghaith, funga dirisha." Nikachoka, nikawa naitika. Siku aliyokwenda aliushika mkono wangu akasema, "Nimekuridhia, Ghaith." Nikajibu, "Ahsante, Mama," kwa niaba yako. Ningekwambia zamani. Lakini ungekuwa weye, ndiye uliyemwosha vidonda, na radhi ikatoka kwa jina la mwengine, ungeona haraka ya kuipeleka? Basi imekaa kwangu kama mzigo wa watu. Leo nakukabidhi. Ni yako.

Na geuza hicho kiti.

Picha hiyo si zawadi. Bei yake ni riali tano, sawa na aliyolipa Cissy, na usinambie habari za undugu. Ukizileta nitakuandikia risiti, mtu asije siku moja akakuuliza mama huyo umemtoa wapi. Umeona, Hajar? Nimetaja bei. Nimeitaja nikiwa nimekaa peke yangu na kalamu, lakini nimeitaja.

Sasa imebaki ile ya uso, uliyoniuliza na karatasi ikaisha. Haikuisha.

Nilimchora mama ametazama huku. Si mara moja. Macho yalikuja, mashaallah, kama anataka kunigombeza. Mdomo ukaja. Nikafika hapa katikati. Kwanza ikatoka kiazi. Nikafuta. Ikatoka mpini wa mwiko. Nikafuta, ikatoka kitu ambacho wenzangu wa Ghala walikuja kukitazama mmoja mmoja, na Mbangali wa ile mashine ya herufi akaniuliza kwa adabu kama nachora bata. Mama yetu, Ghaith, mwenye pua ile aliyotugawia sote, bata! Nikamgeuza. Na alipogeuka akawa mama kabisa, hana kosa hata moja. Ndipo nikawageuza na wale wa dhumna. Na yule wa nguo. Na wa basi, ambaye mwanzo alikuwa akikutazama na anacheka.

Sasa Bashayer anataka kunifanyia maonyesho mengine mwezi wa nne, kayapa jina "Waliogeuka". Loay kaandika juu ya migongo yangu kurasa zaidi ya nilizosoma maisha yangu yote, ananisomea, nami naitika kwa kichwa. Usiku naona aibu, asubuhi naona fahari, mchana sijui naona nini. Kwa hivyo hili likae baina yetu watatu, na Bi Balqis asilisikie hata kwa kopo zima la halwa.

Hapana falsafa, Hajar. Ami yako hajui kuchora pua.

Mahfoudh